Mkinga Upepo

Katika vyombo vyote ambavyo binadamu amevibuni kwa safari za nchi kavu, sidhani kama kuna kilicho kinyenyekevu kuliko baiskeli. Haili majani kama punda, wala hainywi mafuta kama motokaa. Haina nguvu yake yenyewe; nguvu yake ni ya mtu aliyeipanda. Akichoka yeye, nayo imechoka. Akipata moyo, nayo hupata mbio. Mwenye motokaa kubwa aweza kumpita mwenye motokaa ndogo bila kutoka jasho, lakini juu ya baiskeli kila mtu hulipia njia kwa pumzi yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo mashindano ya baiskeli yamependwa na mataifa mengi kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwa sababu hiyo napenda kukuandikia habari zake, ewe msomaji. Naamini kwamba ndani yake mna somo linalokuhusu wewe na mimi, ingawa huenda tusipande baiskeli ya mashindano maisha yetu yote.

Mimi ni mwalimu katika pembe ya kusini-magharibi ya Kenya, mahali ambapo kaunti za Homa Bay na Migori hupakana kando ya Ziwa Victoria. Ukisimama asubuhi katika barabara itokayo Homa Bay kwenda Rongo, au katika ile barabara kuu ipitayo Rongo, Awendo na Migori hadi Isebania mpakani mwa Tanzania, utaona baiskeli za kila namna. Moja imebeba magunia ya mkaa, nyingine mitungi ya maziwa, nyingine furushi la omena linalonuka umbali wa hatua hamsini. Nyingi ni zile nzito nyeusi ambazo watu wa Kenya huziita Black Mamba. Pikipiki zimewachukua abiria, lakini mizigo mingi ya maskini bado i juu ya magurudumu mawili yasiyo na injini. Kwa hiyo vijana wetu wengi huiona baiskeli kuwa ni alama ya shida. Kijana akipata fedha kidogo, jambo la kwanza atakalo ni kuachana nayo. Methali husema, penye miti hapana wajenzi. Miguu tunayo, vilima tunavyo, baiskeli tunazo, lakini ni wachache kati yetu waliopata kufikiri kwamba chombo hicho hicho, kwa watu wengine, ni kiti cha heshima.

Mashindano ya barabarani ni ya aina tatu. Yako ya siku moja, ambayo mtu wa kwanza kukata utepe ndiye mshindi na habari imekwisha. Yako ya mtu na saa, ambayo kila mmoja huondoka peke yake kwa zamu, na atumiaye dakika chache zaidi ndiye ashindaye. Halafu yako mashindano makubwa ya hatua nyingi. Hayo huchukua siku nyingi, kila siku na safari yake, na muda wa kila mtu hujumlishwa. Mtu aweza asishinde hata siku moja, na mwishoni akawa mshindi wa yote kwa kuwa jumla ya saa zake ni ndogo kuliko za wenziwe. Makubwa kupita yote ni matatu: ya Ufaransa, yaitwayo Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903, ya Italia, yaitwayo Giro d'Italia, yaliyoanza mwaka 1909, na ya Hispania, yaitwayo Vuelta a España, yaliyoanza mwaka 1935. Kila moja huchukua majuma matatu na hatua 21, na hupita kilomita zaidi ya 3,000, nyingine katika nchi tambarare na nyingine juu ya milima mirefu yenye theluji.

Huenda ukashangaa kusikia kwamba mashindano haya yalizaliwa na magazeti. Gazeti la L'Auto la Paris lilitafuta njia ya kuongeza wasomaji, na mhariri wake, Henri Desgrange, akakubali kuanzisha safari ya kuizunguka Ufaransa kwa baiskeli. Mwaka ule wa 1903 waliondoka watu 60, wakagawiwa hatua sita tu kwa kilomita 2,428, na baadhi ya hatua ziliingia usiku. Waliofika mwisho walikuwa 21, na wa kwanza wao alikuwa Maurice Garin. Gazeti hilo lilichapwa katika karatasi za manjano, na tangu mwaka 1919 anayeongoza kwa jumla ya muda huvaa fulana ya manjano. Huko Italia gazeti lililoanzisha mashindano lilikuwa la karatasi za waridi, na kiongozi huvaa fulana ya rangi hiyo hadi leo.

Desgrange alikuwa mtu mkali, na itikadi yake ilikuwa kwamba kila mtu ashindane peke yake, asisaidiwe na yeyote. Kuna kisa kimoja cha mwaka 1913 ambacho huwasimulia wanafunzi wangu. Mfaransa mmoja, Eugène Christophe, alikuwa na matumaini makubwa ya kushinda. Alipokuwa katika mlima Tourmalet, chuma kinachoshika gurudumu la mbele kilivunjika. Sheria ilimkataza kupokea baiskeli nyingine au msaada wowote. Basi aliibeba baiskeli yake begani, akateremka kwa miguu zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji kimoja penye kiwanda cha mhunzi. Hapo, mbele ya macho ya wasimamizi, alichukua nyundo na moto akaifua upya kwa mikono yake mwenyewe. Lakini mikono ya mtu ni miwili tu, na mvukuto ulihitaji wa kuuvuta. Mtoto mmoja akamvutia mvukuto. Kwa kosa hilo, kosa la kupuliziwa moto na mtoto, Christophe aliongezewa adhabu ya dakika.

Nikifika hapo wanafunzi hucheka, kisha hunyamaza. Wanajua wenyewe kwamba hakuna fundi wa baiskeli chini ya mti wa sokoni asiye na mtoto wa kumshikia gurudumu. Christophe huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuvaa fulana ya manjano mwaka 1919, na mwaka huo huo chuma chake kikavunjika tena karibu na mwisho, akapoteza uongozi. Hakupata kushinda mashindano hayo ya Ufaransa kamwe, wala hapakuwa na wa kumpa mkono. Sheria ilitaka mtu awe kisiwa, naye akawa kisiwa.

Lakini sheria za watu ni jambo moja, na sheria za maumbile ni jambo jingine. Kuna adui ambaye Desgrange hakuweza kumwondoa barabarani, naye ni upepo. Mwendesha baiskeli aendaye kasi hapigani sana na ardhi. Hupigana na hewa iliyo mbele yake. Kadiri azidishavyo mwendo, ndivyo hewa inavyozidi kumsukuma nyuma. Lakini mtu akiwa karibu sana nyuma ya mwenziwe, yule wa mbele huipasua hewa kwa kifua chake, na wa nyuma hupita katika ufa ulioachwa wazi. Mwendo ni ule ule, lakini wa nyuma aweza kuokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Ndiyo maana katika mashindano utaona watu mia na zaidi wameshikamana kama kundi la ndege wasafirio. Si woga, wala si mapenzi, ni hesabu.

Jambo hili halieleweki kwa urahisi. Siku moja ya sikukuu nilitazama mashindano madogo ya wapanda Black Mamba katika soko moja la kwetu. Vijana wawili waliwatoka wenzao, mmoja mbele, mwingine amemganda nyuma kama kupe. Walipopita, umati ukamzomea yule wa nyuma, ukimwita mvivu na mwizi wa jasho. Baada ya kitambo walipita tena, na sasa yule wa nyuma alikuwa mbele na wa mbele yuko nyuma, nao umati ukamzomea yule ambaye dakika chache kabla ulimshangilia. Hawakuona kwamba wale wawili walikuwa wakipeana zamu, na kwamba ndiyo sababu wengine thelathini hawakuwapata tena.

Basi upepo ndio uliowafundisha watu kwamba mashindano haya hayawezi kuwa ya mtu mmoja. Toka mwaka 1930 mashindano ya Ufaransa yaligawanywa kwa vikosi vya mataifa, na siku hizi kila kikosi kina watu wanane. Mmoja wao, au wawili, ndio wanaotazamiwa kushinda. Wale wengine ni watumishi wake. Humkinga upepo kutwa nzima, hurudi nyuma kwenye motokaa ya kikosi wakajaza chupa za maji ndani ya fulana zao, kisha huhangaika kurudi mbele na mzigo huo. Kiongozi akipasukiwa na tairi, humpa gurudumu lao. Akichelewa, humngoja na kumvuta hadi kwenye kundi. Kazi yao ikiisha, hujiachia nyuma wakafika mwisho dakika nyingi baadaye, na hakuna awapigiaye makofi. Mimi nawaita wakinga upepo.

Nakupa mfano wa mmoja wao. Mwaka 1934 Ufaransa ilikuwa na kijana wa miaka 20, René Vietto, ambaye katika milima hakuwa na mfano. Kiongozi wa kikosi chake alikuwa Antonin Magne. Katika milima ya Pyrenees gurudumu la Magne liliharibika, na Vietto akatoa gurudumu lake la mbele akampa. Kisha alikaa juu ya ukuta wa mawe kando ya barabara akilia, akisubiri motokaa ya msaada, huku wenziwe wakimpita mmoja baada ya mwingine. Siku iliyofuata Magne akapatwa tena na ajali ya baiskeli. Vietto alikuwa amekwisha kumtangulia. Alipoarifiwa, aligeuza baiskeli akapanda kurudi alikotoka, akampa Magne baiskeli nzima. Magne alishinda mashindano yale. Vietto alipata zawadi ya mfalme wa milima, lakini fulana ya manjano ya ushindi hakuivaa Paris mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Picha yake ya kulia ukutani imetazamwa na watu wengi.

Sasa, msomaji, nitatoka Ufaransa nirudi katika barabara ya Homa Bay, kwa sababu habari za Vietto nilizijua kabla sijazisoma. Baba yetu alipofariki, mimi nilikuwa ningali mdogo na kaka yangu alikuwa amemaliza darasa la nane. Nafasi ya shule ya sekondari aliipata, lakini ada haikuwepo. Alinunua Black Mamba kuukuu, akaanza kuchukua omena kutoka gati la Homa Bay kwenda soko la Rongo, njia ya zaidi ya kilomita 30, na karibu yote ni ya kupanda, maana ziwa liko chini na Rongo iko juu. Alirudi na ndizi na sukari nguru. Alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Kutoka nyuma ya baiskeli ile ndipo zilipotoka ada zangu za sekondari, na baadaye karo ya chuo cha ualimu.

Wakati wa likizo nilikuwa nikiazima baiskeli ya jirani nikimsaidia kubeba. Kwenda kulikuwa na mlima, lakini asubuhi ilikuwa shwari. Kurudi kulikuwa kuteremka, na mgeni angedhani ni starehe, lakini alasiri upepo wa ziwani huvuma kuelekea bara, nao hukupiga usoni kama mtu akusukumaye kifuani kwa viganja viwili. Hapo kaka yangu alikuwa akipita mbele na kuniambia, bila kugeuka, “Kaa nyuma yangu, usiniache.” Mimi nilikaa nyuma yake. Niliuona mgongo wa shati lake ukilowa jasho, ukakauka, ukalowa tena, na chumvi ikachora mistari myeupe. Sikupata kumwona akiomba zamu. Nilipojaribu kupita mbele alinikataza, akasema, “Wewe una kitabu cha kusoma usiku.”

Leo kaka yangu anatembea kwa shida, maana magoti yake yamechakaa kama yalivyochakaa magurudumu yake. Binti yake yuko kidato cha tatu, na ada yake naitoa mimi. Watu hunisifu kwa hilo, nami huwajibu kwamba hilo si sadaka. Katika mashindano makubwa ipo desturi nzuri: mshindi wa Tour de France hagusi fedha za zawadi peke yake, bali huzigawa kwa kikosi chake, kwa kuwa ajua ni migongo ya nani iliyomfikisha. Hata hivyo sikudanganyi kwamba deni limekwisha. Ada ya binti yaweza kulipwa. Magoti ya baba yake hayalipiki.

Huenda ukauliza kama mkinga upepo hubaki mkinga upepo milele. Hapana, si lazima. Chukua habari za Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Alipokuwa mtoto alipelekwa kwa David Kinjah, nahodha wa waendesha baiskeli wa Kenya, ambaye nyumba yake huko Kikuyu ilikuwa wazi kwa vijana wa kijijini waliotaka kujifunza. Froome, mtoto wa Kizungu, alifundishwa pamoja nao jinsi ya kupanda vilima na jinsi ya kutengeneza baiskeli. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne. Mwaka 2008 akajiunga na Uingereza. Mwaka 2012 alikuwa mtumishi wa Bradley Wiggins katika mashindano ya Ufaransa. Siku moja mlimani ilionekana wazi kwamba mtumishi ana nguvu kuliko bwana wake. Alimtangulia, akaamriwa, akapunguza mwendo akamngoja. Wiggins alishinda, Froome akawa wa pili. Mwaka 2013 ilikuwa zamu yake, na wengine wakamkinga yeye. Alishinda mwaka huo, kisha 2015, 2016 na 2017. Kinjah yeye hakupata kushiriki mashindano hayo ya Ufaransa. Alibaki akifundisha watoto wengine. Jina la mmoja laandikwa katika orodha ya washindi, na la mwingine haliandikwi, lakini nani athubutuye kusema kwamba hakuwepo?

Watoto wa Afrika weusi nao wamefika. Nchi iliyotangulia ni Eritrea, ambako Waitaliani waliotawala waliacha baiskeli, na wenyeji wakaufanya mchezo huo kuwa wao. Mashindano ya kuizunguka nchi yao yalianza mwaka 1946, na mji wao mkuu, Asmara, uko juu ya mita 2,300, mahali pa kufaa kukomaza mapafu. Mwaka 2015 Mweritrea Daniel Teklehaimanot alivaa kwa siku nne fulana ya madoadoa mekundu, ambayo ni ya mfalme wa milima katika mashindano ya Ufaransa. Hakuna Mwafrika aliyewahi kuivaa kabla yake. Mwaka 2022 Biniam Girmay, mzaliwa wa Asmara, alishinda Gent–Wevelgem huko Ubelgiji. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za mashindano ya Ufaransa, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata moja, na akaichukua fulana ya kijani, ambayo hupewa mwenye alama nyingi. Tazama safu hiyo: yule wa 2015 alipasua hewa, na yule wa 2024 akapita.

Jirani zetu wa Rwanda nao wanastahili sifa. Nchi iliyovunjwavunjwa na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 iliifanya baiskeli kuwa mojawapo ya njia za watu kukutana tena. Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake katika mauaji hayo, alibeba bendera ya Rwanda katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Tour du Rwanda, iliyoanza mwaka 1988, ilikua hata ikapata cheo cha kimataifa mwaka 2009. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia yaliletwa Kigali, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mshindi wa wanawake alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wachache walimtazamia. Njia ya wanaume ilipita kilomita 260, vilima juu ya vilima, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na alikwenda zaidi ya kilomita 60 za mwisho peke yake, hana mtu mbele wala nyuma.

Msomaji mwerevu atanishika hapo. Atasema: “Mwalimu, huyo je? Hakukingwa na mtu.” Ni kweli, wala sitaki kulificha. Kuna saa katika mashindano, na katika maisha, ambayo mtu hubaki peke yake na upepo. Wewe utaijua saa hiyo utakapoketi katika chumba cha mtihani. Kaka yako hawezi kuingia, mama yako hawezi kuingia, hata mimi mwalimu wako nitazuiwa mlangoni. Lakini kabla ya kilomita zile za upweke kulikuwa na kilomita nyingine mia mbili za kundi, na kabla ya hizo kulikuwa na miaka. Anayefika kwenye upweke huo akiwa na nguvu hufika nazo kwa sababu kuna waliomwekea.

Nisingekuwa mkweli kama ningesifu mchezo huu nikaficha maovu yake. Mwaka 1904, katika mashindano ya pili tu ya Ufaransa, wanne wa kwanza walinyang'anywa ushindi kwa udanganyifu, akiwamo Garin aliyeshinda mwaka uliotangulia, na taji likapewa Henri Cornet, kijana wa miaka 19. Mwaka 2012 Mmarekani Lance Armstrong alifutiwa ushindi wake wote saba, wa tangu 1999 hadi 2005, kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Mwaka 2019 Mhispania Juan José Cobo alinyang'anywa ushindi wa Hispania wa mwaka 2011, nao ukapewa Froome aliyekuwa wa pili. Njia ya mwongo ni fupi, ijapokuwa wakati mwingine huchukua miaka minane. Lakini fikiri juu ya jambo hili: mdanganyifu hakuwaibia washindani peke yao. Aliwaibia pia watumishi wake waaminifu, waliotoa migongo yao kukinga uongo.

Tena mchezo huu una hatari. Suleiman Kangangi wa Kenya aliibuka kutoka maisha ya dhiki hata akawa wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017. Baadaye akawa nahodha wa Team Amani, kikosi kilichokusudia kuwafungulia vijana wa Afrika Mashariki mlango wa mashindano ya ng'ambo. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika mashindano huko Vermont, Marekani, akafariki, naye alikuwa na miaka 33. Alikufa akiwa mbele, akiwapasulia wadogo zake hewa. Wewe uendaye shule kwa baiskeli katika barabara ya malori ya miwa, vaa kofia ya kinga ukiweza kuipata, kaguzia breki zako, wala usishike nyuma ya lori linalopanda mlima ili likuvute. Nimekwisha kuzika mwanafunzi mmoja kwa mchezo huo, na sitaki kuzika wa pili.

Na ninyi wasichana, msikubali kuambiwa kwamba baiskeli si yenu. Mwaka 1924 mwanamke mmoja, Alfonsina Strada, aliingia katika mashindano ya Italia kati ya wanaume. Tangu mwaka 2022 wanawake wanayo Tour de France yao ya hatua nyingi, na mshindi wa mwaka huo alikuwa Annemiek van Vleuten wa Uholanzi. Binti wa kaka yangu huenda shule kwa baiskeli, na babaye ndiye aliyemfundisha kuipanda.

Siandiki haya ili nyote mwache masomo mkashindane. Wachache huzaliwa na mapafu ya Girmay. Lakini kila mmoja wenu yuko katika msafara, atake asitake, na upepo unavuma. Basi tazama mbele yako leo, uone ni mgongo wa nani ulio karibu nawe. Pengine ni mama auzaye mboga katika soko la Awendo, au baba avuaye samaki usiku huko Mbita, au dada aliyeacha shule ili wewe usiache. Usimwonee haya kwa kuwa nguo yake ina jasho. Jasho hilo ndilo lililokufanya usitoke lako. Jifunze kwa bidii, maana nguvu ulizookolewa si za kulalia. Na utakapokuwa umekomaa, usingoje kuombwa. Mkinga upepo mwema hajui kuomba zamu. Pita mbele mwenyewe, inamisha kichwa, na umwambie aliye nyuma yako akae karibu.